Mwiko wa Reli ya Kisiwani

Kila Idi, tukishamaliza kula, mama yangu alikuwa akinigeukia na kuniuliza, "Salma, mwiko wangu uko wapi?" Nami kila Idi nilimjibu, "Uko kazini, mama." Wajukuu walicheka kabla sijafungua mdomo, maana jibu walilijua kwa moyo. Sasa nimestaafu, na nyinyi wenzangu mnaoendesha treni yetu ndogo mmeniomba niandike huo mwiko ulifikaje kazini. Naandika nikiwa nyumbani Mabela, hapa Maskati, miguu juu ya stuli, na furaha imenijaa kama mtu anayeanza kazi kesho asubuhi. Vyeo na mishahara nimeviacha nje. Vyeo havikuwa vya kujaza ukurasa, na mshahara haukuwahi kukaa mfukoni mwangu muda wa kutosha kuwa na historia.

Nyinyi mmeikuta reli ipo, na mtu akikuta kitu kipo hudhani kilikuwepo tangu enzi za Nuhu. Kisiwa kile kilikuwa mwamba wa ndege. Wenye hoteli wakakipenda kwa ufuo wake, wakajenga, kisha wakamwaga mawe baharini mpaka likapatikana tuta jembamba kutoka pwani hadi kisiwani. Gari halipiti juu yake, ila njia moja tu ya reli. Mizigo ikaachiwa boti, watu wakapewa treni. Vituo viwili vikaandikwa majina kwa lugha tatu, na kwa Kiswahili tukavibatiza wenyewe: Bara na Kisiwani. Sisi wenye asili ya Unguja tulitazamana tukacheka. Yaani tumehamia Maskati na bado tunavuka kutoka Bara kwenda Kisiwani!

Mimi niliajiriwa dirishani, kukata tiketi, kwa sababu nilijua lugha nyingi na nilikuwa na uso wa kuvumilia watu. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya visigino. Adhuhuri haijaingia, visigino vilikuwa vimezama kwenye kokoto za reli na mimi nimesimama kama kigingi cha hema. Mtu aliyenichomoa alikuwa dereva mkuu, Mkenya wa makamo, mweusi wa grisi hadi viwikoni, aliyewahi kuendesha treni kubwa kwao kabla ya kuja Ghuba.

"Madam," akasema, "hapa hatuvaangi viatu ya harusi."

Jina lake lilikuwa Barasa. Jioni nilipomweleza mama, wakati huo tukiishi mtaa wa Darsait, alisikia vibaya. "Baraza gani linaendesha treni? Baraza si la kukalia?" Tangu siku hiyo kwetu hakuitwa jina jingine. Hata alipokuja kula pilau nyumbani, mama alimkaribisha kwa kumwambia, "Karibu Baraza, keti barazani," akacheka peke yake.

Sasa nije kwenye mwiko. Njia moja, treni mbili: hapo pana hatari, nanyi mnaijua. Treni nyeupe iliitwa Bwana Harusi. Ya pili taa yake moja ilivunjika ikiwa bado mpya, ikaitwa Chongo, na hata ilipotiwa taa nyingine jina halikupona. Ili zisikutane katikati ya bahari, palikuwa na kipande cha chuma chenye pete. Dereva aliyekishika ndiye mwenye ruhusa ya kuingia kwenye tuta. Akifika ng'ambo anamkabidhi mwenzake, naye ndipo anaondoka. Ni sheria ya kale ya reli na haina kasoro hata moja, ila chuma hakijui kuogelea. Wiki ile ile tuliyofungua, madereva walikuwa wanapokezana, mikono ina mafuta, chuma kikachoropoka kikaenda zake baharini.

Treni zikasimama. Barasa akakaa kwenye ngazi ya Bwana Harusi akikuna kichwa. "Tunataka kitu kubwa," akasema, "isiingie mfukoni mtu akaisahau. Na ikianguka kwa maji, ielee."

Mimi nilikuwa nimetoa kichwa dirishani kama kawaida yangu ya kuingilia yasiyonihusu. "Mwiko," nikasema.

"Mwiko ya kusonga ugali?"

"Huo huo."

Nikapanda teksi mpaka Darsait. Mama alikuwa jikoni na mwiko wake mrefu wa mti aliokuja nao kutoka Unguja, ule wa kupikia sufuria za shughuli. "Mama, nnauazima huo mwiko."

"Wa nini? Treni inakula?"

"Mara moja tu, mama."

"Urudi nao jioni. Nna pilau la watu."

Barasa aliupokea kwa mikono miwili, akautoboa tundu kwenye mpini, akatia kamba na kupiga ndoana ndani ya kila kichwa cha treni. Kisha akatukusanya wote, akauinua juu. "Kuanzia leo," akasema, "kuingia kwa tuta bila mwiko, ni mwiko." Sote tuliojua Kiswahili tuliangua kicheko. Nilipowatafsiria wengine kwa Kiarabu na Kiingereza hakuna aliyetabasamu, wakaniuliza kama kuna tatizo la chakula. Lakini maneno yale ndiyo yakawa sheria, na mama akaazima mwiko kwa jirani.

Miaka ile ya mwanzo nilikata tiketi mchana na kuiba kazi jioni. Nilimfuata Barasa nyuma kila akizunguka treni na nyundo yake ya mpini mrefu, akigonga gurudumu moja moja. Gurudumu zima linalia kama kengele, lenye ufa linakohoa. Msiache hili kwa sababu mna mashine ya kupima. Mashine inapimwa na nani? Alinifundisha kuziosha reli kwa maji matamu kabla ya jua kupanda, maana chumvi ya bahari inakula chuma huku inakuchekea. Alinifundisha kukagua sanduku la mchanga, ule mkavu wa kumwaga mbele ya magurudumu asubuhi zenye umande. Kiangazi reli hutanuka, kwa hiyo viungo hukazwa asubuhi, si adhuhuri. Na breki alinifundisha kwa maneno machache: "Hiyo si kamba ya mbuzi. Usivute, omba."

Tuligombana sana juu ya Kiswahili. Yeye wa kwao, mimi wa kwetu, na kila mmoja aliona mwenzake kajifunzia njiani. Siku moja walipanda akina mama wa kutoka harusini Khuwair ya Kusini, wamejazana mlangoni. Barasa akataka wajisogeze nyuma, akapaza sauti, "Songeni! Songeni, mama!" Kwao, kusonga ni kujisogeza. Kwetu, kusonga ni kubana. Wale akina mama, watiifu, wakabanana mpaka mmoja akapiga kelele kuwa anakufa. "Mbona unataka tusongane zaidi, baba? Sisi tende?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sikujua kwamba jambo lile lile la kuchekesha lingekuja siku nyingine likiwa na meno.

Dereva wa Chongo alipoacha kazi na kurudi kwao, nilisema wazi kwamba nakitaka kile kiti. Watu wa ofisini walikohoa. Mwanamke, wamchukue dirishani wampandishe treni? Nilikwenda kwa mama nikidhani na yeye atakohoa. Akaweka chini kikombe cha kahawa. "Bibi yako akipanda gari la moshi la Bububu," akasema, "kajifunika kanga mbili, cheche zisimtoboe buibui. Yeye kapanda, weye endesha." Sikulala vizuri usiku huo kwa raha.

Meneja mpya alikuwa kijana wa hapa hapa Maskati, Haitham, mtu mwema na mwenye haraka. Alinipa Chongo kwa majaribio. Mwisho wa majaribio angeamua kama nibaki kwenye kiti cha dereva au nirudi dirishani, na alinieleza hivyo bila kuzunguka. Wakati huo huo akaleta redio za mkononi. Akasema mwiko unachelewesha: treni moja inangoja nyingine irudi nao, na watu wanachoka. Kwa redio, aliyevuka atasema amevuka, na mwenzake aondoke hapo hapo. Lilikuwa wazo zuri, na Barasa mwenyewe alilikubali. "Mwiko ni ya zamani," alisema, ingawa kwa mazoea aliendelea kuutundika ndani ya Bwana Harusi.

Ikaja Idi. Kituo cha Bara kilifurika: kanzu mpya, watoto na mabofu ya kupuliza, mabibi na masufuria ya chakula. Kuanzia asubuhi upepo ulikuwa unatoka nchi kavu, na baada ya sala ya adhuhuri ukaja na vumbi. Tuta likaonekana mawe machache ya mwanzo tu, mengine yakamezwa na weupe. Barasa alikuwa ameondoka na Bwana Harusi kwenda Kisiwani. Mimi nilikuwa na Chongo, mabehewa yamejaa pomoni, na Haitham amesimama ubavuni mwangu ili ajionee mwenyewe ninavyoendesha. Siku ile ndiyo niliyokuwa nikiomba tangu viatu vya visigino.

Tulingoja Barasa aseme amevuka. Redio ikakoroma, ikakatika, ikakoroma tena. Kisha ikatoka sauti ya Barasa, safi kabisa: "Salma, nimetoka."

Nikamtafsiria Haitham kwamba Barasa katoka. Yeye akafahamu kama nilivyofahamu mimi: ametoka kwenye tuta, amefika salama, njia nyeupe. "Yalla, Salma," akasema, akinihimiza niondoke. Nyuma watu wakapiga makofi. Bibi mmoja akaita, "Twende mwanangu, chakula kinapoa!" Mkono wangu ulikwenda kwenye mpini wa kuondokea, na jicho likaenda, kwa mazoea tu, kwenye ndoana. Ndoana ilikuwa tupu.

Hapa msinivishe kilemba cha ukoka. Sikugundua kosa lolote. Sikusikia hatari kwenye vumbi, wala sikuota ndoto. Nilichojua ni kwamba mkono umekataa. "Mwiko sinao," nikasema.

"Hatuuhitaji," akasema Haitham kwa upole. "Ndiyo maana ya redio."

"Nnajua. Lakini sinao."

"Salma, leo ndiyo nnaamua."

"Amua," nikamwambia, ingawa kile kiti nilikitaka kuliko kitu chochote duniani. "Bila mwiko siingii."

Akanitazama. Watu nyuma wakaanza kunung'unika, mtoto akalia, mwanamume mmoja akasema ndiyo mambo ya kuwapa wanawake treni. Nikakaza macho mbele. Nilikuwa najiona tayari dirishani, nakata tiketi mpaka nazeeka.

Ndipo ikalia honi. Haikulia mbali. Ilikuwa pale pale mbele yetu, ndani ya vumbi, na baada ya honi ukaja uso mweupe wa Bwana Harusi ukitoka kwenye tuta, mabehewa yote yamejaa watu, ukapita pembeni yetu kwenye njia ya pili ya kituo. Manung'uniko yalikoma. Haitham alishika ukuta wa kichwa cha treni. Mimi niliondoa mkono kwenye mpini kidole kimoja kimoja, kwa sababu vilikuwa vimeganda.

Barasa akashuka, mwiko begani, anakung'uta vumbi. "Salma, mbona hamjapisha watu wangu washuke? Si nilikuambia nimetoka?"

"Umetoka wapi?"

"Kisiwani! Nimetoka Kisiwani, nakuja!"

"Mie n'kadhani umetoka kwenye tuta! N'kadhani ushafika!"

Akatazama mabehewa yangu yaliyojaa watoto, akatazama yake. Kisha yule mtu mzima, aliyewahi kuvuka nyika na treni kubwa kuliko mtaa wetu, akakaa kwenye ukingo wa kituo, akauweka mwiko mapajani akaushika kama anayeshika mkono wa mgonjwa. "Neno moja," akasema. "Nimetoka. Neno moja tu, mama." Nikakaa karibu yake. Tulianza kucheka na kulia pamoja, na watu wa Idi wakadhani tumepata habari njema. Kweli tulikuwa tumeipata.

Nilipomweleza Haitham, alivua kofia yake akajifuta uso. Redio hakuzitupa, na mimi pia nisingezitupa. Ni nzuri sana. Lakini akasema mwiko haubanduki. Na neno "nimetoka" likapigwa marufuku kwenye reli yetu. Ndiyo sababu mnasema "nimeingia tutani" na "nimemaliza tuta", na mgeni akiuliza kwa nini hamsemi kama watu wengine, sasa mna la kumjibu. Kuhusu kiti cha dereva, hakuna aliyenitangazia kitu. Asubuhi yake nilikuta Barasa ameninyanyulia kiti cha Chongo kidogo, kwa kuwa mimi ni mfupi, na amekifunga kwa nati zisizofunguka.

Miaka iliyofuata iliendeshwa na bahari. Kimbunga kilikula mawe ya tuta, tukasimama msimu mzima mataruma ya kulalia reli yananing'inia hewani. Ulipokuja ule ugonjwa uliofunga dunia, hoteli ilizimwa taa, nasi tuliruhusiwa kuziendesha treni zetu tupu mara moja moja ili magurudumu yasiote kutu. Tulivuka mimi na Barasa tu, bila abiria, na hata hapo tulipokezana mwiko kituoni na kupeana salamu kana kwamba kuna umati. Aliporudi kwao kwa mara ya mwisho, tulimuaga Darsait, baada ya yeye kutoka kanisani Ijumaa, maana huku Ijumaa ndiyo siku ya mapumziko na Wakristo nao husali siku hiyo. Aliniachia nyundo. Mpaka leo akinipigia simu hasemi hujambo, anasema, "Umetoka?" Nami namjibu, "Wapi?"

Nyundo nimemwachia Zuweina, na hapa nafika kwenye siku yenyewe. Zuweina ni binti wa Mabela niliyemfundisha tangu hajui kutofautisha taruma na ubao wa kitanda. Siku yangu ya mwisho waliniandalia karamu Kisiwani, alasiri. Mimi nilipanda kama abiria, nimevaa viatu vya visigino kwa makusudi, na mama yangu pembeni, na watoto, na wajukuu. Chongo ilikuwa imefungwa bandani. Palikuwa na treni moja tu, Bwana Harusi, na Zuweina kwenye kiti mbele yetu.

Hatukuondoka. Tulikaa, jua likatuunguza magoti. Nikasikia redio, sauti ya Haitham kutoka Kisiwani, naye sasa ana mvi: "Zuweina, njooni, wageni wanangoja."

"Mwiko sinao, ustadh," akasema Zuweina.

Maneno yangu yale yale!

"Treni iko moja tu leo," akasema Haitham. "Nyingine imefungwa kufuli. Hakuna wa kukutana naye."

"Nnajua. Lakini sinao."

Kisha Haitham akashusha sauti, kana kwamba redio ile haisikiki mpaka behewa la mwisho. "Ninao mimi. Nimeutia kwenye sanduku la kioo. Ni zawadi ya Salma. Usimwambie!"

Behewa zima liliniangukia kwa kicheko. Zuweina aligeuka akaniona, midomo inamcheza, lakini mkono hakuupeleka kwenye mpini. "Basi uletwe kwa boti," akasema.

Ukaletwa. Ulifika ndani ya kioo, na utepe mwekundu, na kibao chenye jina langu kwa herufi za dhahabu. Zuweina akauliza kwa adabu, "Bi Salma, niruhusu?" Nikamwambia, "Fungua, mwanangu, fungua upesi!" Akaukata utepe, akautoa mwiko, akautundika kwenye ndoana yake. Sanduku akanipa mimi, tupu. Nimelitundika ukutani hapa sebuleni, na hakuna mtu aliyewahi kustaafu na zawadi nzuri kuliko hiyo.

Lakini mama alikuwa ameinuka. Hakuwahi kuuona tangu siku ile ya jikoni. Alisogea mbele akishikilia viti, akanyoosha mkono akaupapasa mpini, pale ulipolika kwa viganja vyetu vyote.

"Salma, mwiko wangu si huu?"

"Ndio huo, mama."

Zuweina akababaika. "Bi Mkubwa, kama unautaka tutakupa. Ila leo hatutovuka."

Mama akamtazama juu mpaka chini, binti wa watu na nyundo ya Barasa kiunoni. Akarudi kitini polepole, akapanga buibui lake vizuri magotini.

"Wacha," akasema. "Huo uko kazini."